Namna ya Kuacha Kiti: Kuwakumbuka Mwinyi, Lowassa, Msuya na Ndugai

Hotuba kwa wanafunzi wa utawala wa umma, Shinyanga

Ndugu Mwenyekiti, walimu wetu, watumishi wenzangu mliostaafu na mlio kazini, na ninyi vijana ambao mkutano huu ni wenu,

Nilipoombwa nizungumze juu ya viongozi wetu waliotangulia mbele ya haki katika kipindi hiki cha karibuni, nilianza kwa kufanya kile ambacho mtu aliyelelewa masjala hukifanya kabla ya jambo lolote, yaani kupanga tarehe. Edward Ngoyai Lowassa alifariki tarehe 10 Februari 2024. Ali Hassan Mwinyi alimfuata tarehe 29 ya mwezi huohuo, siku 19 baadaye, wakati matanga ya Monduli hayajapoa. Cleopa David Msuya alituaga tarehe 7 Mei 2025, na Job Yustino Ndugai tarehe 6 Agosti 2025. Katika muda usiozidi miezi 18 tumemzika Rais mmoja, Mawaziri Wakuu wawili na Spika mmoja.

Nikazitazama tarehe hizo, kisha nikazitazama kazi zao, na jambo moja likanizuia nisiendelee kuandika kwa muda. Watatu kati ya hawa wanne waliwahi kuandika barua ya kujiuzulu. Katika nchi ambayo mtu huondolewa kwenye cheo, huhamishwa, hupangiwa kazi nyingine au hustaafu, lakini ni nadra akakiacha kiti kwa mkono wake mwenyewe, hilo si jambo dogo. Hata hivyo, wasifu unaosomwa msibani hueleza kwa kirefu mahali alipozaliwa marehemu, shule alizosoma na vyeo alivyoshika, halafu unapofika kwenye barua ile hupita upesi, kama mtu anayepita mbele ya nyumba anayodaiwa. Mimi leo naomba tusimame hapo. Mila zetu zinatukataza kumteta marehemu, nami nazishika. Lakini kumteta mtu ni jambo moja, na kueleza kazi aliyoifanya katika kiti cha umma ni jambo lingine, na ninyi mnaojiandaa kukalia viti hivyo mnastahili kuelezwa yote.

Naanza na Mzee Mwinyi, na nitakaa kwake kwa muda mrefu, kwa sababu sehemu ya maisha yake ambayo ninaiona kuwa kubwa kuliko zote ilianzia hapa kwetu.

Wazee waliomo humu ukumbini wanaikumbuka miaka ya katikati ya 1970. Ukanda huu wa Shinyanga na Mwanza uliingiwa na mauaji ya vikongwe waliotuhumiwa uchawi, na kosa la wengi wao lilikuwa ni macho mekundu. Bibi yangu mzaa baba alikuwa na macho ya namna hiyo, na sababu yake kila mtu kijijini aliijua kwa kuwa ilikuwa ndani ya nyumba ya kila mtu: kuni zilikuwa zimekwisha porini, wanawake wakawa wanapikia mabua na mavi makavu ya ng'ombe, ndani ya jiko lisilo na dirisha, asubuhi na jioni, mwaka hadi mwaka. Namwona hata sasa akitoka jikoni akijifuta kwa ncha ya kanga, akienda kukaa kwenye kivuli cha minyaa ya uani mpaka machozi yakatike. Baba yangu, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alihamishia kitanda chake cha kamba mlangoni kwa mama yake, akawa analala hapo kila usiku akiwa na panga ubavuni. Hakumweleza yeyote kwa nini, wala hakuna aliyemuuliza.

Serikali ilituma polisi na maofisa wa usalama kuwasaka wauaji, na katika mwaka wa 1976 watu wengi walikamatwa. Baadhi yao waliteswa wakati wa kuhojiwa, na baadhi ya walioteswa wakafia mikononi mwa dola. Hebu fikirini hali hiyo kwa mtoto wa umri niliokuwa nao: usiku unamwogopa mwenye panga atakayekuja kwa ajili ya bibi, na mchana unaiogopa gari itakayokuja kwa ajili ya baba. Kilichokuja kutulinda nacho kilikuwa kimegeuka jambo la kujilinda dhidi yake.

Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo alikuwa Ali Hassan Mwinyi. Hakuwapo Shinyanga. Hakutoa amri ya kumtesa mtu yeyote. Angeweza kusema, na angekuwa mkweli, kwamba yaliyofanyika yalifanywa na watu walio ngazi nyingi chini yake, kilomita mia kadhaa kutoka ofisini kwake. Mwanzoni mwa 1977 aliandika barua akaacha uwaziri, na viongozi wengine waliohusika kwa dhamana wakaacha nafasi zao pia, na Mwalimu Nyerere akaridhia. Baadaye baadhi ya maofisa walishtakiwa mahakamani, na hilo ni muhimu tulitaje, kwa sababu waziri kuwajibika hakukuchukuliwa kuwa badala ya wahalifu kujibu mashtaka yao. Ninyi mnaofundishwa tofauti ya kuwajibika kisiasa na kuwajibika kijinai, mfano wenu hamna haja ya kuutafuta nchi za mbali, kwani umo katika historia ya mkoa huu.

Mtu huyu alikuwa nani kabla ya siku hiyo? Alizaliwa tarehe 8 Mei 1925 katika kijiji cha Kivure, mkoa wa Pwani, akapelekwa Unguja akiwa mtoto ili apate elimu ya dini, akakulia Mangapwani, akasoma hapo na Dole, akawa mwalimu wa shule. Alikwenda Uingereza kuongeza elimu ya ualimu, akarudi akawa mkuu wa chuo cha walimu Zanzibar. Nasisitiza ualimu kwa sababu waliomsikia akizungumza wanajua kwamba hakuuacha kamwe: Kiswahili chake kilikuwa safi, kilichopangwa, chenye mfano wa karibu na utani wa upole, na alikuwa akiongea na mkutano wa maelfu kama anayeongea na darasa la watoto arobaini ambao anawajua majina.

Baada ya barua ile alipelekwa Misri kuwa balozi, akakaa huko hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Aliporudi alishika tena uwaziri, na Januari 1984 ukatokea mkasa ambao kwa somo letu la leo una uzito wake: Mzee Aboud Jumbe alijiuzulu uongozi wa Zanzibar huko Dodoma, na aliyepewa kiti hicho kilichoachwa ghafla, wakati Zanzibar hali ya kisiasa imechafuka, ni huyu aliyekwisha kuonyesha kwamba anajua kiti si cha kung'ang'ania. Tarehe 5 Novemba 1985 akaapishwa kuwa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Naamini, na hii ni hukumu yangu mimi, kwamba barua ya 1977 ilikuwa sehemu ya kilichomfikisha pale, kwa sababu watu waliokuwa na mamlaka ya kuchagua walikuwa wameshamwona akipoteza.

Vijana, ninyi mmezaliwa kukiwa na sabuni dukani, kwa hiyo naomba mnivumilie nieleze alichokikuta. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimemaliza akiba ya nchi, bei ya mafuta ilikuwa imepanda, mazao tunayouza nje hayakuleta fedha ya kutosha, na viwanda vyetu vingi vilikuwa vikifanya kazi kwa sehemu ndogo tu ya uwezo wake kwa kukosa vipuri na malighafi. Katika duka la kijiji tulipanga foleni kabla hatujajua kinacholetwa. Mtu akitaka kwenda kuchunga aliweka jiwe mahali pake, na jiwe hilo liliheshimiwa kama mtu. Mimi nilikuwa na jiwe langu jekundu bapa ambalo muuza duka alilifahamu. Nguo zilifuliwa kwa majani ya mpapai. Ugali ulikuwa wa ule unga wa mahindi ya njano tuliouita unga wa Yanga.

Mzee Mwinyi alifungua mlango. Mwaka 1986 serikali yake ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, thamani ya shilingi ikashushwa, masharti ya biashara yakalegezwa, mwenye fedha zake za kigeni akaendelea kuruhusiwa kuleta bidhaa bila kuulizwa alizipata wapi, na nchi ikampa jina ambalo amekwenda nalo kaburini: Mzee Ruksa. Mitumba ikaja, mabasi yakaja, sabuni ikaja. Lakini ni lazima nieleze pia kilichokuja pamoja navyo. Wananchi walianza kuchangia gharama za elimu na matibabu, na familia zisizo na kitu zikaumia. Azimio la Zanzibar la 1991 lililegeza masharti ya uongozi yaliyokuwamo katika Azimio la Arusha, na kiongozi akaruhusiwa kufanya mambo ambayo zamani yangemkosesha cheo. Misamaha ya kodi ilitolewa ovyo kiasi kwamba mwaka 1994 wafadhili walisimamisha misaada, na Mwalimu mwenyewe akaikemea serikali hadharani. Mkono uliokuwa mwepesi wa kuruhusu haukuwa na nguvu ileile ya kuzuia. Huo ndio udhaifu wake, na yeye alikuwa mtu mkubwa kiasi cha kutosha kuubeba tukiutaja.

Katika upande wa siasa, Tume ya Jaji Francis Nyalali ilipokusanya maoni ilikuta kwamba karibu asilimia 80 ya waliohojiwa walitaka chama kimoja kiendelee. Rais aliyependa kiti angeichukua hesabu hiyo akalala usingizi. Tume ilipendekeza vyama vingi kwa kuwaheshimu wale asilimia 20, na mapendekezo yakakubaliwa, na mwaka 1992 mfumo ukabadilika. Mwaka 1995, alipomaliza vipindi viwili ambavyo Katiba inaviruhusu, akaondoka. Mwalimu alikuwa ameondoka kwa hiari. Mzee Mwinyi ndiye wa kwanza kuondoka kwa sababu sheria imesema muda umekwisha, na tangu siku hiyo ndivyo ilivyokuwa desturi yetu. Aliishi miaka 28 baada ya Ikulu bila kumwingilia mrithi wake hata mmoja. Mei 2021, siku alipotimiza miaka 96, kitabu cha maisha yake kilizinduliwa, nacho kinalitaja jina la Ruksa kwenye jalada.

Alipenda kuukumbusha umma kwamba mwanadamu ni hadithi itakayosimuliwa baada yake, basi ajitahidi kuwa hadithi nzuri. Maneno hayo ni ya zamani sana katika ushairi wa Kiarabu, lakini kwetu yamekuwa yake. Tarehe 2 Machi 2024 alizikwa Mangapwani, palepale alipoanzia kushika chaki.

Sasa nije kwa Ndugu Lowassa, ambaye habari yake ni ngumu zaidi kuisimulia, kwa sababu wengi wetu tulikuwa na upande.

Tarehe 7 Februari 2008 nilikuwa ofisini. Kazi ilikuwa imesimama. Redio ndogo ya mhudumu wetu ilikuwa imewekwa juu ya kabati la mafaili, na watu wa idara tatu walikuwa wamejaa mlangoni kusikiliza Bunge. Miaka miwili nyuma ukame ulikuwa umeshusha maji katika mabwawa ya kufua umeme, mgao ukawa mkali, na serikali ikaingia mkataba wa dharura na kampuni ya Richmond kuleta mitambo. Mitambo haikuja kwa wakati. Kamati Teule ya Bunge chini ya Dk. Harrison Mwakyembe ilichunguza ikasema kampuni ile haikuwa na uwezo wa kazi iliyopewa, na ikaigusa ofisi ya Waziri Mkuu. Lowassa alisimama, akalalamika kwamba Kamati haikumwita ajieleze, akasema kwamba kilichokuwa kikiwindwa ni uwaziri mkuu, na kwamba amemwandikia Rais barua ya kujiuzulu. Mle mlangoni hakuna aliyeshangilia. Mama mmoja wa uhasibu alisema tu, "Ameondoka," kwa sauti ya mtu anayepokea habari ya msiba, akarudi mezani kwake.

Mtaona tofauti ya barua hizi mbili. Ile ya Mwinyi ilisema: mzigo huu ni wangu ingawa sikuubeba kwa mikono. Hii ya Lowassa ilisema: naondoka ingawa sikutendewa haki. Kuna wanaosema kwamba barua ya pili si kuwajibika bali ni kususa. Mimi sikubaliani nao. Angeweza kulazimisha kura, angeweza kuigawa serikali na Bunge kwa miezi, na kwa nguvu aliyokuwa nayo ndani ya chama angeweza hata kushinda. Hakufanya hivyo. Aliondoka siku ileile, na kwa mujibu wa Katiba Baraza lote la Mawaziri likavunjika. Hakuwahi kufikishwa mahakamani kwa jambo hilo hadi anaingia kaburini. Lakini pia swali la namna mkataba ule ulivyopatikana halikuwahi kujibiwa mbele ya jaji, na ukimya huo umemdhulumu yeye, kama hakuwa na kosa, na umetudhulumu sisi tuliolipa bili.

Mambo hayo yasituzuie kuiona kazi yake, na hapa Shinyanga tutakuwa watovu wa shukrani tukiinyamazia. Alizaliwa Monduli mwaka 1953, akasoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akawa ofisa wa jeshi aliyekwenda vitani Kagera, akaingia Bungeni mwaka 1990. Alipokuwa Waziri wa Maji, kuanzia mwaka 2000, alilishikilia wazo ambalo wengi waliliona halitekelezeki, la kutoa maji Ziwa Victoria na kuyaleta Kahama na Shinyanga. Kikwazo hakikuwa umbali peke yake. Ulikuwapo mkataba wa mwaka 1929, ambao Uingereza iliufunga na Misri juu ya maji ya Nile, na ambao kwa tafsiri ya Misri ulitutaka tuombe ruhusa kabla ya kuyagusa maji ya ziwa letu wenyewe. Mwalimu alikwisha kusema tangu uhuru kwamba Tanganyika haifungwi na mikataba ya mkoloni. Lowassa ndiye aliyeligeuza tamko hilo kuwa bomba.

Maji yanachukuliwa Ihelele, Misungwi, yakasafishwa huko, yakaja hadi huku. Mradi ulizinduliwa mwaka 2009, mwaka mmoja baada ya yeye kuondoka. Siku maji yalipofika kwenye bomba la mtaani kwetu, mama yangu, ambaye alichota maji ya kufukua mchangani tangu akiwa msichana, alikwenda na ndoo moja kama kawaida yake, kwa sababu mtu wa huku hajazoea kuamini kwamba maji yatatosha ndoo mbili. Alifungua, akaweka viganja chini ya bomba, akayaacha yapite kwenye vidole kwa muda mrefu mpaka wenye foleni wakaanza kunung'unika. Kisha akajaza, akaja nyumbani, akachukua ndoo ya pili, ya tatu, na sufuria, na mtungi. Hakumtaja mtu. Lakini tarehe 17 Februari 2024, wakati mazishi ya Monduli yakitangazwa, alitaka redio isogezwe karibu na kitanda chake.

Kuhusu shule za kata sitasema mengi, maana nyuso nyingi ninazoziona mbele yangu zimetoka huko. Uwaziri mkuu wake ulizisukuma kwa nguvu, halmashauri zikashindana kujenga madarasa, na katika muda mfupi idadi ya shule za sekondari nchini ikapanda zaidi ya mara mbili. Walimu hawakujengwa kwa kasi ya matofali; matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yalipotangazwa mara ya kwanza, yalionyesha zaidi ya nusu ya watahiniwa wamepata sifuri. Najua uchungu wa mwaka ule. Najua pia kwamba kabla ya shule hizo binti wa kijiji changu alimaliza darasa la saba akasubiri kuolewa.

Mwaka 2015 chama chake kilipolikata jina lake, alihamia Chadema, akagombea urais kwa mwavuli wa Ukawa, umoja wa vyama vya upinzani, akapata kura 6,072,848, karibu asilimia 40, na mwaka 2019 akarudi CCM. Waliomfuata kwa moyo waliumia alipoondoka, na wengine wakaumia zaidi aliporudi. Mimi naliacha hapo, kwa sababu ni historia ya karibu mno na ndugu zetu bado wana majeraha nayo.

Mzee Msuya ndiye ambaye hakuandika barua ya kujiuzulu, na namweka miongoni mwao kwa sababu hiyohiyo. Alizaliwa Usangi mwaka 1931, akasoma Makerere, akaanza kazi katika maendeleo ya jamii, na mwaka 1964 alikuwa tayari Katibu Mkuu wa wizara. Huyu ni mtu wetu, watumishi wa umma: alikuwa mtu wa mafaili kabla hajawa mtu wa majukwaa. Alishika Fedha, akashika Viwanda, akawa Waziri Mkuu kuanzia Novemba 1980 hadi Februari 1983 katika miaka ile ya jiwe kwenye foleni, akampisha Edward Sokoine, akarudi Fedha. Watu wengi wangeona kushuka huko kutoka uwaziri mkuu hadi uwaziri wa kawaida ni kudhalilishwa. Yeye aliketi akafanya hesabu. Bajeti yake ya Juni 1984 ndiyo iliyoanza kuufungua mlango ambao sifa zake zote tumempa Mzee Mwinyi, na naona ni haki irekebishwe: kitasa kilizungushwa na Msuya.

Watu wa rika langu wanamkumbuka kwa maneno aliyoiambia nchi katika dhiki ile, kwamba kila mtu atabeba msalaba wake mwenyewe. Yalitukera sana. Tulizoea viongozi wanaotuambia tufunge mikanda kwa sababu ushindi uko karibu, na huyu hakutuahidi ushindi. Nikiwa mtu mzima niliyewahi kukaa upande wa pili wa dirisha la malipo, nikimweleza mzee mstaafu kwamba fedha ya mwezi huu haijafika, nimeelewa kwamba kuna kuwajibika kwa aina nyingine, ambako mtu habanduki kwenye kiti kinachochoma na anasema lililo kweli huku anachukiwa. Desemba 1994, serikali ilipokwama kwa misamaha ya kodi, aliitwa tena kuwa Waziri Mkuu akiwa na miaka 63, akaimaliza ngwe hiyo hadi Novemba 1995, akakabidhi. Alibaki mbunge wa Mwanga hadi mwaka 2000, na alizikwa kwao Usangi akiwa na miaka 94.

Kwa Ndugu Ndugai nitasema kwa ufupi, kwa kuwa kaburi lake bado bichi na watu wa Kongwa waliompigia kura tangu mwaka 2000 wanamjua kuliko mimi. Alikuwa Naibu Spika, kisha Spika kuanzia Novemba 2015. Kiti chake kilikuwa kizito kwa wapinzani. Tunakumbuka wabunge waliopoteza nafasi zao wakati wake, na tunakumbuka mwaka 2019 alipomwita Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ajieleze mbele ya kamati kwa kusema kwamba Bunge ni dhaifu. Kisha, mwishoni mwa 2021, yeye mwenyewe alionya hadharani juu ya deni la taifa, akasema kuna siku nchi itapigwa mnada. Maneno hayo yalileta kishindo, akaomba radhi, na tarehe 6 Januari 2022 akajiuzulu uspika.

Hii, kati ya barua zote tatu, ndiyo inayonitia simanzi zaidi. Mwinyi aliondoka kwa sababu ya watu waliokufa, na Lowassa kwa sababu ya mkataba. Ndugai aliondoka kwa sababu ya kauli, na kauli yenyewe ilihusu jambo ambalo Bunge kazi yake ni kulihoji. Naona halikuwa kosa la kumgharimu mtu kiti, kama ambavyo naona kauli ya Mkaguzi nayo haikuwa kosa la kumwita mtu ajieleze. Alirudi kwenye viti vya nyuma akaendelea na ubunge wake kwa utulivu, na siku chache kabla ya kifo chake alikuwa ameongoza kura za maoni za chama chake huko Kongwa. Watu wake hawakuwa wamemwacha.

Ndugu Mwenyekiti, naona muda wangu umekaribia, na kabla sijakaa naomba nirudi kwa bibi yangu, kwa maana nilimwacha amekaa kwenye kivuli cha minyaa.

Aliishi. Baba alilala mlangoni pake hadi zama zile za hofu zikapungua, na Oktoba 1985 bibi alikuwapo, mkongwe, anaona kwa shida, wakati picha ya mgombea pekee wa urais ilipobandikwa kwenye ukuta wa duka la kijiji, lile lile la foleni. Aliniomba nimpeleke akaione. Alisogeza uso karibu na karatasi kiasi kwamba pua yake iliigusa, akauliza huyu ni nani. Nikamwambia ni yule waziri aliyeacha uwaziri kwa sababu ya watu waliokufa huku kwetu katika mahabusu.

"Aliacha?" akauliza.

"Aliacha, bibi."

"Na gari?"

"Na gari."

Alinyamaza kwa muda, mkono wake ukiwa juu ya ukuta pembeni ya picha ile. Kisha akaniuliza kituo cha kupigia kura kitakuwa wapi, na kama ni mbali, tutoke nyumbani saa ngapi.

Nawashukuru sana kwa kunisikiliza.